Ukumbi wa Kata Uwe Kimbilio: Paa Kwanza, Rangi Mwisho

Kata nyingi za pwani ya kusini ya Tanzania, kuanzia Mafia na Kilwa hadi Lindi na Mtwara, zina ukumbi uliojengwa miongo kadhaa iliyopita: kuta za tofali za saruji au mawe ya matumbawe, mabati juu ya kenchi za mbao (fremu zinazobeba paa), jukwaa mbele, madirisha ya lova pembeni. Humo hufanyika mikutano, harusi na mitihani ya majaribio. Upepo ukichafuka, humo pia ndimo watu hukimbilia, uwe umetayarishwa au haujatayarishwa.

Na upepo mkubwa si mgeni kwenye pwani hii. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kung'oa mikarafuu. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Aprili 2019 Kenneth kilitua Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo tu ya Ruvuma. Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, hali mafuriko ya Rufiji yalikuwa hayajakauka. Kwa sababu vimbunga hivi huachana kwa miaka mingi, kizazi kizima kinaweza kukua bila kuona paa likiruka. Ndiyo maana fedha za ukarabati zikipatikana huishia kwenye vigae, rangi na dari ya jipsam, vitu ambavyo haviokoi mtu hata mmoja.

Ukumbi wa mikutano ulijengwa kuwakinga watu na jua kwa saa mbili tatu. Kuwalinda usiku kucha kwenye upepo wa kilomita 120 kwa saa ni kazi nyingine, na kazi hiyo ina mpangilio wake. Ukivurugwa, fedha huisha kabla ya kufika penye hatari.

Kabla ya kununua msumari

Swali la kwanza ni la mahali. Waulizwe wazee wa mtaa maji yalifika wapi mwaka wa mafuriko makubwa kuliko yote wanayoyakumbuka, kisha alama hiyo ipimwe kwa mpira wa maji (ule mpira mwembamba unaopitisha maji, ambao kila fundi mwashi anao) hadi kwenye sakafu ya ukumbi. Sakafu ikiwa juu ya alama kwa sentimita 50 au zaidi, endeleeni. Ikiwa chini yake, hakuna ukarabati utakaoliponya jengo hilo. Litafuteni lingine, hata kama ni dogo na liko mbali kidogo. Ukumbi ulio mita chache kutoka ufukweni, au ulio chini ya mbuyu mkongwe, nao una tatizo la mahali kuliko la jengo. Matawi makubwa yanayolielekea paa yakatwe mapema, maana mti huanguka kabla ya ukuta.

Swali la pili ni idadi. Tuchukue ukumbi wa mita 20 kwa 10. Kwa viti unaitwa ukumbi wa watu 250, na kwenye harusi huingia hao na zaidi. Lakini ondoa jukwaa, njia za kupita na kona ya kuhifadhia vitu: zinabaki kama mita za mraba 160. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada huvifuata duniani kote, vinataka mita za mraba 3.5 kwa kila mtu anayelala ndani. Hesabu inatoa watu 45. Kwa zile saa chache za upepo wenyewe watu wanaweza kukaa wamebanana, mita moja ya mraba kila mmoja, yaani watu 160. Hizi ni namba mbili tofauti na zote mbili ziandikwe ukutani: 160 kwa usiku wa dhoruba, 45 kwa wiki zinazofuata kwa wale ambao nyumba zao zimekwenda. Kamati ya maafa ya kijiji isiyozijua namba hizi itawaelekeza watu 400 kwenye jengo moja, na hapo ndipo maradhi ya kuhara huanzia.

Mnyororo wa paa

Upepo hauliangushi paa, unalinyanyua. Ukipita juu ya bati hulivuta kwenda juu, na mlango au dirisha likivunjika, hewa inayoingia ndani husukuma kutokea chini. Kwa upepo wa kilomita 120 kwa saa, kuvuta na kusukuma huko kwa pamoja kunaweza kufikia takriban kilo 100 kwa kila mita ya mraba. Bati pamoja na mbao zake lina uzito wa kilo 20 hivi kwa mita hiyo hiyo. Kilo 80 zilizobaki ni lazima zishikwe na kitu.

Sasa zifuateni hizo kilo 80. Kenchi zikiwa zimeachana mita 1.2, na kila moja ikivuka mita 11 pamoja na vibaraza vya paa, kila kenchi inabeba karibu mita za mraba 13. Mvuto wake unafika tani moja, nusu yake kila upande. Kilo 500 na ushee pale ambapo kenchi imekalia ukuta, na mara nyingi kinachoishika hapo ni misumari miwili ya inchi 4 iliyopigwa mshazari. Upepo ukiongezeka kutoka kilomita 100 hadi 140, nguvu hii inakuwa maradufu, kwa sababu hukua kwa mraba wa kasi.

Kwa hiyo paa likaguliwe kama mnyororo wenye pingu nne: bati kwa papi (mbao za kulalia bati), papi kwa kenchi, kenchi kwa ukuta, ukuta kwa msingi. Kuimarisha pingu moja na kuiacha inayofuata ni kuhamisha tu mahali litakapokatikia. Kosa hili ni la kawaida sana: watu hununua bati jipya la geji 28 na skrubu nzuri, wanalifunga barabara kwenye papi, halafu dhoruba inaondoka na bati na papi zake kama kifuniko cha sufuria, kwa kuwa papi zilikuwa na msumari mmoja mmoja kwenye kenchi.

Bati kwa papi: ondoeni misumari laini ya zamani, wekeni skrubu za bati zenye washa ya mpira. Katikati ya paa, skrubu moja kila baada ya mgongo mmoja wa bati inatosha. Kwenye kingo zote, kofia ya paa na pembe, kwa upana wa mita 1.5 hivi, kila mgongo upate yake, kwani mvuto mkali kuliko wote uko pembezoni, na bati likianza kuchanika huanzia pembeni. Skrubu ipite kwenye mgongo, si kwenye bonde, vinginevyo itavuja. Isikazwe mpaka washa ikapasuka. Papi ziachane sentimita 90 katikati na 60 pembezoni.

Papi kwa kenchi: kila makutano yafungwe kwa kipande cha bamba la chuma lililopakwa zinki, likipita juu ya papi na kushuka pande zote mbili za kenchi, misumari mitatu kila upande.

Kenchi kwa ukuta: hapa tumieni bamba la upana wa milimita 30 na unene wa 1.5, lipite juu ya kenchi na miguu yake miwili ishuke hadi kwenye mkanda wa zege, ile boriti inayozunguka juu ya kuta zote. Kwa bolti za milimita 12, si kwa misumari ya zege, ambayo hupasua zege na kuchomoka.

Lakini kumbi nyingi za zamani hazina mkanda wa zege juu ya ukuta. Kuna linta juu ya madirisha tu, halafu tofali, halafu ubao. Bamba likifungwa kwenye tofali mbili za juu, upepo utaondoka na hizo tofali mbili. Njia ya haraka ni kushusha bamba refu ukutani ili uzito wa ukuta wenyewe uwe nanga: ukuta wa sentimita 23, kwa kina cha mita 1 na upana wa mita 1.2, una uzito wa kilo 500 hivi. Hiyo inalingana na mvuto bila akiba yoyote, kwa hiyo shukeni hadi mita 1.5. Kwa ukuta mwembamba wa tofali za sentimita 15, hata hiyo haitoshi vizuri.

Njia iliyo bora ni kumwaga mkanda mpya, na wakati wake ni pale bati linapobadilishwa, kwa sababu kenchi zitakuwa wazi na zinaweza kuegemezwa kwa nguzo za muda. Kwa mzunguko wa mita 60, mkanda wa sentimita 23 kwa 20 unahitaji zege la mita za ujazo 2.8. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hiyo ni mifuko 18 ya saruji, nunueni 20. Nondo nne za milimita 12 kuzunguka jengo lote, pamoja na maungio, ni vipande 22 vya mita 12. Ringi (vyuma vya kuzifunga nondo pamoja) za milimita 8 kila baada ya sentimita 20 ni ringi 300, yaani vipande 19 au 20. Nondo zinapoungana zipishane kwa urefu wa mara 40 ya unene wake, karibu sentimita 50, na kwenye pembe zipindwe na kuendelea, zisikatwe na kuachwa zikikutana tu. Pembe ndipo mkanda hufunguka.

Mbao zenyewe zijaribiwe kwa bisibisi kabla ya yote. Ikizama zaidi ya milimita 5 kwa kusukuma kwa mkono, mchwa au uozo umeshaingia. Miisho ya kenchi iliyozama ndani ya ukuta ndiyo huoza kwanza, kwa unyevu, na haionekani mpaka plasta itolewe. Kenchi iliyooza mwisho tu haina haja ya kutupwa: kateni hadi penye mbao nzima, ungeni ubao mpya pande zote mbili kwa bolti, ukipishana angalau sentimita 60.

Dari ya jipsam tunaishauri isiwekwe. Ikilowa huwaangukia watu, na huficha mambo ambayo lazima yakaguliwe kila mwaka.

Paa likiwa la asbesto

Kumbi za zamani nyingine zimeezekwa kwa karatasi nene za saruji zenye mawimbi mapana, rangi ya kijivu. Nyingi kati yake zina asbesto. Zikiwa nzima na haziguswi, hatari ni ndogo. Hatari iko kwenye kuzikata, kuzitoboa, kuzipiga brashi na kuzivunja, kwa sababu nyuzi zake ni nyembamba kuliko macho yanavyoweza kuona na zikiingia mapafuni hazitoki. Saratani yake huja baada ya miaka ishirini, thelathini, hata arobaini. Kitambaa usoni hakisaidii kitu. Karatasi zilowanishwe kwa maji yenye sabuni, bolti zikatwe au zifunguliwe bila kuvunja karatasi, zishushwe moja moja kwa mkono, zifungwe kwa nailoni nzito tabaka mbili, na zizikwe mahali ambapo halmashauri imepaelekeza. Mafundi wavae barakoa maalumu za vumbi laini, na nguo zao zisipelekwe nyumbani kufuliwa na nguo za watoto. Vipande vilivyovunjika kutumiwa kujazia njia au kutengenezea banda la kuku ni jambo la kukatazwa bila kuoneana haya.

Kuta na zege

Ukuta mrefu wa ukumbi hauna vyumba vya kuushikilia katikati. Mita 20 za ukuta usio na nguzo husukumwa na upepo huo huo kwa karibu kilo 70 kwa mita ya mraba. Kama hakuna nguzo za zege angalau kila mita 4, ziongezwe, na nondo zake ziingie kwenye mkanda wa juu na kwenye msingi. Hatari kubwa zaidi ni ukuta wa gebo, ile pembetatu ya mwisho wa paa. Mara nyingi umesimama wenyewe juu ya mkanda, haukufungwa kwa chochote, na ukianguka huangukia ndani. Ufungwe kwa papi na kenchi za karibu kwa mabamba, au ubomolewe na pembetatu ijazwe kwa bati juu ya fremu ya mbao.

Nyufa zisizibwe kwanza. Kila ufa uwekewe alama ya penseli mwisho wake, tarehe, na upana kwa milimita. Baada ya masika utazamwe tena. Ufa uliosimama unaweza kuzibwa. Ufa unaoendelea kukua, hasa ule unaopanda kwa ngazi kufuata maungio ya tofali kutoka pembeni mwa jengo, unasema msingi unatitia, na mara nyingi chanzo ni maji ya paa yanayomwagika kando ya ukuta. Mifereji ya mabati na mtaro wa zege kuzunguka jengo hutibu kile ambacho plasta haiwezi.

Pwani ina adui wake: chumvi. Zege lililochanganywa kwa mchanga wa ufukweni hubeba chumvi ndani, na nondo huota kutu taratibu. Kutu huvimba na kulibandua zege. Gongeni nguzo na linta zote kwa nyundo ndogo. Palipo na mlio wa debe tupu, zege limeshaachana na nondo. Kupaka saruji juu ya ufa wa kutu ni kupoteza fedha, kwani ndani ya miaka michache kipande kitaanguka kikiwa kizito zaidi. Zege bovu lichongwe hadi sentimita 2 nyuma ya nondo, kutu isuguliwe mpaka chuma king'ae, na nondo iliyoliwa sana iongezewe nyingine pembeni. Kisha sehemu iliyochongwa ijazwe kwa mchanganyiko wa 1:3 wenye maji kidogo, wa mchanga wa mtoni uliooshwa, na imwagiliwe siku 7. Nondo ibaki na zege la milimita 40 juu yake. Nguzo zinazobeba paa ziegemezwe kabla ya kuchongwa, na kazi hiyo asimamie mhandisi wa halmashauri.

Milango, maji, vyoo, taa

Milango miwili ya upana wa mita 1.2, kwenye kuta tofauti, ikifungukia nje, isiyo na kufuli la nje watu wakiwemo ndani. Vioo vya lova vifunikwe kwa mbao za plaiwudi za milimita 12 zilizokwisha kukatwa, kupewa namba ya dirisha na kutundikwa stoo pamoja na bolti zake. Wapo wanaoamini kuacha dirisha moja wazi hupunguza presha ndani. Si kweli: upepo wa kimbunga hugeuka, na dirisha lililokuwa la salama huwa ndilo linaloingiza upepo wa kunyanyua paa. Yafungwe yote. Sakafu ikiwa juu ya ardhi kwa sentimita 45, njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu iwe na urefu wa mita 5.4, yaani moja kwa kumi na mbili. Fupi kuliko hapo mtu hawezi kujisukuma mwenyewe.

Maji yahesabiwe lita 15 kwa mtu kwa siku. Tangi la lita 5,000 linawatosha watu 160 kwa siku mbili, au watu 45 kwa wiki nzima. Paa lile lile la mita za mraba 220 hulijaza kwa mvua ya milimita 30, mradi lita mia za kwanza zenye vumbi na kinyesi cha ndege zimwagwe. Tangi lililojaa ni tani 5, kwa hiyo likae juu ya msingi wa tofali uliojazwa na kushindiliwa, si juu ya miguu ya mbao. Tupu, huruka. Lijazwe mara Mamlaka ya Hali ya Hewa inapotoa tahadhari, na lifungwe kwa mikanda.

Vyoo: kimoja kwa watu 50 siku za mwanzo, kimoja kwa 20 watu wakikaa. Kwa ukumbi wetu, matundu manne yanatosheleza hali zote mbili: matatu ya wanawake, moja la wanaume, yakiwa na komeo la ndani na taa. Mlango mmoja uwe wa sentimita 90. Shimo liwe mita 30 kutoka kisimani, na chini yake pabaki mita 1.5 kabla ya maji ya ardhini. Pwani mara nyingi haiwezekani kuchimba hivyo, na jibu ni choo cha kupandishwa juu chenye tangi la zege lisilovuja.

Umeme wa gridi hukatika mapema. Taa 8 za wati 7 zikiwaka saa 12 hutumia karibu wati-saa 670, na betri moja ya lithiamu ya volti 12, ampea-saa 100, inazimudu na kubakiza za kuchaji simu. Soketi zipandishwe hadi mita 1.2 kutoka sakafuni na saketi ziwe na kifaa cha kukata umeme unapovuja. Jenereta, kama ipo, ikae nje, mbali na madirisha, hata mvua inaponyesha. Jengeeni kibanda chake. Moshi wake huua watu waliolala bila kuwaamsha, na jiko la mkaa linafanya vilevile. Jiko nalo liwe nje.

Mpaka wa jengo hili

Hesabu zote hapo juu ni za upepo wa kilomita 120 kwa saa. Kenneth kilipotua kilikuwa na upepo mkali kuliko huo kwa mbali. Utabiri ukitaja kimbunga cha aina hiyo, ukumbi uliokarabatiwa hivi haufai kuwa kimbilio, na watu wahamishiwe bara mapema, magari yakiwa bado yanapita. Kamati iamue hilo kwa maandishi kabla ya msimu, kwa sababu usiku wa dhoruba hakuna atakayethubutu kuwaambia watu waondoke.

Msimu wa vimbunga kwenye Bahari ya Hindi ya kusini magharibi huanza Novemba na kuisha Aprili, ingawa Hidaya kilikuja Mei. Ukaguzi ufanyike Oktoba kila mwaka: mtu apande na spana kukaza bolti zote za mabamba, skrubu zilizoota kutu zibadilishwe, mifereji isafishwe, plaiwudi zijaribiwe dirisha kwa dirisha, taa ziwashwe usiku mzima. Sehemu ya ada ya kukodisha ukumbi kwa harusi itengwe kwa kazi hiyo, katika akaunti yake. Na funguo ziwe seti tatu, kwa watu watatu wanaoishi pande tatu tofauti za kijiji, mmoja wao akiwa mwanamke, majina yao yakiwa yamebandikwa mlangoni.